Potasiamu 6.9 asubuhi, 4.6 jioni: mashine ipi imekosea?

SWALI: Shikamoo. Naandika kutoka Pangani. Mama yangu ana miaka 61, ana presha na kisukari, anatumia metformini na enalapril. Ijumaa iliyopita saa sita mchana alitolewa damu kwenye kituo kimoja cha hapa kwetu. Gari la kwenda Tanga lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo damu ikakaa mezani mpaka jioni, ikaingizwa kwenye friji, ikafika maabara mjini Jumamosi saa mbili asubuhi. Majibu: potasiamu 6.9, sukari 3.9, kreatinini 98, sodiamu 139, kalsiamu 2.30. Daktari akatuambia tumkimbize Bombo, hospitali ya mkoa iliyopo Tanga mjini. Jioni ileile akapimwa umeme wa moyo, ukaonekana sawa, na damu mpya ikatoa potasiamu 4.6, sukari 8.4, kreatinini 101, sodiamu 138. Mkojo wa kwanza ulionyesha protini +, wa Bombo haukuonyesha kitu. Nani amekosea? Je, nimkataze madafu? Na nimpeleke akapime mwili mzima ili tuwe na uhakika?

JIBU: Marahaba. Umefanya jambo zuri kutaja saa damu ilipotolewa na mahali ilipolala, maana bila hayo ningebaki kubahatisha. Mashine zote mbili zimesema kweli. Ile potasiamu ya 6.9 ilikuwemo kwenye kichupa, ila haikuwemo mwilini mwa mama. Iliongezeka njiani. Na kuna namba moja katika karatasi hizo ambayo hujaiuliza, pengine kwa sababu maabara zote mbili zimekubaliana juu yake. Hiyo ndiyo inayostahili wasiwasi wako, nitaifikia.

Tuanze na potasiamu. Ndani ya chembe nyekundu za damu potasiamu ni karibu milimoli 140 hadi 150 kwa lita, wakati nje yake, kwenye maji ya damu tunayoyapima, ni 3.5 hadi 5.1 tu. Tofauti hiyo kubwa inalindwa na pampu zilizo kwenye ngozi ya kila chembe, ambazo usiku na mchana zinaingiza potasiamu ndani na kutoa sodiamu nje. Pampu hizi zinahitaji nishati, na chembe nyekundu nishati yake yote inaipata kwa kuvunja sukari. Damu ikishatoka mwilini chembe hazifi papo hapo. Zinaendelea kula sukari iliyomo kichupani, na hakuna anayeziletea nyingine.

Sasa linganisha na safari ya damu ya mama. Kuanzia saa sita mchana mpaka jioni ilikuwa mezani, kwenye joto la pwani. Katika joto la kawaida la chumba sukari ya damu isiyotenganishwa hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto kali hupungua haraka zaidi. Hapo ndipo sukari ilipoliwa. Kisha ikaingia kwenye friji. Baridi inapunguza kasi ya kula sukari, lakini pia inazigandisha zile pampu, na potasiamu inaanza kuvuja kutoka ndani kwenda nje saa baada ya saa. Kila kituo cha njiani kimeacha alama yake: meza imeshusha sukari, friji imepandisha potasiamu. Kreatinini, taka ya misuli tunayoipima kuangalia figo, haijali sana mambo hayo kwa muda wa siku moja, ndiyo maana imetoka 98 na 101, yaani kitu kilekile. Sodiamu nayo haikusogea. Potasiamu juu, sukari chini, kreatinini palepale: mtu wa maabara akiona mpangilio huo, swali lake la kwanza linapaswa kuwa damu hii ilitolewa saa ngapi.

Watu wengi, hata watumishi wa afya, wanaamini friji huhifadhi kila kitu. Kwa damu nzima inayosubiri kupimwa potasiamu, friji ni mahali pabaya kuliko meza. Ubaya zaidi ni kwamba kuvuja huku hakubadilishi rangi ya seramu, yaani yale maji ya damu tunayoyapima. Chembe hazijapasuka, zimevuja tu, kwa hiyo seramu inatoka ya manjano safi na mtaalamu aliyeipokea hana dalili yoyote ya kumshtua kama saa ya kutolewa haikuandikwa kwenye fomu.

Kwa haki, kuna njia nyingine tatu za kupata potasiamu ya uongo, na lazima zichunguzwe kabla ya kulaumu friji.

Ya kwanza ni chembe kupasuka. Hutokea sindano ikiwa nyembamba mno, au damu ikisukumwa kwa nguvu kutoka kwenye bomba la sindano kupitia sindano kuingia kichupani, au kichupa kikitikiswa badala ya kupinduliwa taratibu, au spiriti ikiwa haijakauka kwenye ngozi. Hapa seramu inakuwa ya waridi au nyekundu, na vimeng'enya vya LDH na AST vinapanda pamoja na potasiamu. Maabara yenye utaratibu huandika kwenye majibu kwamba sampuli imepasuka chembe, au huomba nyingine. Kama karatasi yenu haina maelezo hayo, pengine seramu ilikuwa safi.

Ya pili ni dawa ya kichupa cha zambarau. Kichupa hicho, kinachotumika kwa kipimo cha wingi wa damu, kina EDTA, na EDTA hiyo kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu. Mtoa damu akijaza cha zambarau kwanza, kisha akaona chekundu kimepungukiwa na kukimiminia kidogo kutoka kwenye zambarau, majibu yanaharibika vibaya. Potasiamu inaruka hata kupita kiwango ambacho mtu angekuwa hai, na wakati huohuo kalsiamu inaporomoka, kwa sababu kazi ya EDTA ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Kimeng'enya cha ALP nacho hushuka. Kalsiamu ya mama ni 2.30, katikati kabisa ya kiwango cha kawaida cha takriban 2.15 hadi 2.55. Basi EDTA haikuingia. Ndiyo maana vichupa vina mpangilio wa kujazwa: cha buluu, kisha chekundu au cha manjano chenye jeli, kisha cha kijani, kisha cha zambarau, na cha kijivu mwisho. Damu haihamishwi kutoka kichupa kimoja kwenda kingine hata tone.

Ya tatu ni ngumi. Mgonjwa anafungwa mpira mkononi, anaambiwa akunje na kukunjua ngumi ili mshipa uonekane. Misuli inayofanya kazi huku mzunguko umebanwa humwaga potasiamu, na inaweza kuongeza milimoli 1 au hata zaidi. Hili haliachi alama yoyote kichupani. Muulize mama kama alikunjakunja ngumi. Mpira ukae chini ya dakika moja, ulegezwe mara damu inapoanza kutoka, na ngumi isipigwe. Mshipa ukigoma, mkono uninginie chini kidogo au upashwe kwa kitambaa cha vuguvugu.

Kwa ushahidi ulionao, nakaa upande wa friji. Lakini usimlaumu daktari kwa kuwakimbiza. Potasiamu ya kweli inayofikia 6.5 na kupita inaweza kusimamisha moyo bila kutoa taarifa, na mama yupo kwenye kundi lenye sababu ya kuwa nayo: ana kisukari, ana presha, anatumia enalapril, dawa ambayo huifanya figo ibakize potasiamu. Daktari hawezi kuketi anasubiri uhakika. Alichofanya Bombo ndicho sahihi: kupima umeme wa moyo kwanza, maana potasiamu iliyozidi hubadilisha mchoro wake, mawimbi ya T yakawa marefu na yenye ncha, na kutoa damu mpya iliyopimwa humohumo bila kusafiri. Jambo moja tu: mchoro mzuri peke yake hauthibitishi kwamba potasiamu ni ya kawaida, kwa hiyo ile damu ya pili ilikuwa lazima.

Ingefanyikaje Pangani ili damu isafiri salama? Si kazi ngumu, ila inahitaji sentrifuji, mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi, hata ile ndogo ya mezani. Damu inachukuliwa kwenye kichupa chenye jeli, kinapinduliwa taratibu mara tano au sita, kinasimamishwa wima kwa dakika 30 mpaka igande. Ikizungushwa kabla haijaganda vizuri, nyuzi za mgando hubaki kwenye seramu na kuziba sindano ya mashine. Baada ya hapo inazungushwa kwa dakika 10, na jeli inapanda katikati na kuwa ukuta kati ya chembe na seramu. Hapo sasa friji ni rafiki. Seramu iliyotenganishwa inaweza kulala kwenye nyuzi 2 hadi 8 na potasiamu isisogee, kwani hakuna tena chembe za kuivujisha. Kazi hiyo yote iishe ndani ya saa mbili tangu kutolewa damu. Kichupa cha jeli kilichokwisha kuzungushwa kisizungushwe tena mara ya pili kikifika mjini, kwa kuwa potasiamu iliyovuja chini ya jeli husukumwa juu na kuingia kwenye seramu.

Kituo kisicho na sentrifuji kina njia mbili tu. Ama kitoe damu asubuhi kabla gari halijaondoka, ama kimwambie mgonjwa asafiri yeye mwenyewe. Kilomita takriban 50 kutoka Pangani hadi Tanga ni safari ya kuchosha kwa mama wa miaka 61, najua, lakini mnaishia kuisafiri vilevile, tena kwa hofu, kama ilivyotokea.

Kuhusu sukari, kichupa cha kijivu chenye floridi kimetengenezwa kuzizuia chembe kula sukari. Kinasaidia, ila watu wanakitegemea kupita uwezo wake. Floridi huzuia hatua ya mbali katika njia ya kuvunja sukari, kwa hiyo kwa saa moja au mbili za mwanzo sukari inaendelea kupungua kabla haijasimama. Sukari 3.9 ya mama isingekuwa hatari ya kudondoka ingawa kwenye karatasi inaelekea huko. Hatari yake ni nyingine: daktari angeweza kudhani dawa inafanya kazi kupita kiasi na kuipunguza, wakati ukweli uko 8.4. Na kichupa hicho cha kijivu kisitumike kupima potasiamu, maana mara nyingi ndani yake mna oksalati ya potasiamu.

Umeuliza nani amekosea, yaani mashine ya wapi uiamini. Maabara inayofanya kazi vizuri haianzi na damu ya wagonjwa asubuhi. Inaanza na sampuli za udhibiti, ambazo thamani yake inajulikana tayari, moja ya kiwango cha kawaida na nyingine ya juu au ya chini. Majibu yake huchorwa kila siku kwenye chati iliyobuniwa na Levey na Jennings mwaka 1950, yenye mstari wa wastani katikati na mistari ya mikengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kwa kawaida, juu na chini. Nukta ikipita mikengeuko 3, kazi inasimama mpaka sababu ipatikane: kitendanishi (kemikali ya kupimia) kilichokaa nje ya friji wakati umeme umekatika, taa ya mashine iliyochoka, maji yasiyo safi, pipeti iliyopoteza kipimo. Una haki ya kuuliza kwa heshima kama udhibiti wa siku hiyo ulipita. Ila fahamu kwamba chati hiyo inailinda mashine tu. Udhibiti hautoki Pangani wala haulali kwenye friji, kwa hiyo siku ile ungepita vizuri kabisa na majibu ya mama yangebaki ya uongo.

Sasa ile namba uliyoiruka. Kreatinini 98, kisha 101. Nina hakika kwenye karatasi zote mbili haikuwekewa alama, kwa sababu maabara nyingi huandika kiwango kipana kinachobeba wanaume na wanawake pamoja, kinachofika 110 au zaidi. Lakini kreatinini ni taka ya misuli. Mwanamke wa miaka 61 ana misuli michache kuliko kijana wa bandarini, kwa hiyo kreatinini ya 98 kwake si sawa na 98 ya kijana huyo. Ndiyo sababu inapaswa kugeuzwa kuwa makadirio ya kasi ya figo kuchuja. Kwa fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, yenye kuhesabu umri na jinsia, kreatinini 98 kwa mama yako inatoa takriban mililita 57 kwa dakika, na 101 inatoa takriban 55. Mpaka tunaouangalia ni 60. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kreatinini hiyohiyo angekuwa juu ya 90.

Usiogope haraka. Kuwa chini ya 60 mara moja si ugonjwa sugu wa figo. Ugonjwa huo unatamkwa hali ikidumu zaidi ya miezi mitatu, na kuna mambo yanayopandisha kreatinini kwa muda. Upungufu wa maji mwilini ni mmoja, hasa kwa mtu aliyetapika au kuharisha. Nyama iliyopikwa, ikiliwa kwa wingi saa chache kabla ya kipimo, nayo huingiza kreatinini kutoka kwenye sahani. Septrin huzuia figo kuitoa kreatinini hata kama uchujaji haujabadilika, na juu ya hapo hupandisha potasiamu, kwa hiyo mtu anayetumia enalapril asiinunue duka la dawa kwa kujiamulia. Njia ya kupima nayo ina kasoro zake. Maabara nyingi bado zinatumia mmenyuko alioueleza Max Jaffe mwaka 1886: kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki kwenye hali ya alkali hutoa rangi ya machungwa, na mashine husoma jinsi rangi inavyokolea. Shida ni kwamba vitu vingine hutoa rangi kama hiyo, hasa ketoni za mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, na baadhi ya antibiotiki za kundi la sefalosporini. Maabara yenye njia ya kimeng'enya haipati usumbufu huo, ila vitendanishi vyake ni ghali.

Ninachoshauri ni hiki. Baada ya miezi mitatu mama arudie kreatinini, katika maabara ileile ya mara ya mwisho, asubuhi, akiwa amekunywa maji kama kawaida yake na usiku wake hakula nyama nyingi. Maabara ileile, kwa sababu kati ya maabara mbili zenye mashine na vitendanishi tofauti, pengo la asilimia chache linaweza kukudanganya kwamba figo imepona au imeharibika. Hata ndani ya maabara moja, kreatinini ya mtu mzima wa afya hupanda na kushuka yenyewe. Tofauti ya chini ya asilimia 10 usiipe maana. Na mwombe daktari aandike makadirio ya uchujaji kwenye faili, si kreatinini peke yake.

Enalapril asiiache. Nasisitiza kwa sababu najua mkisikia potasiamu na figo kwenye sentensi moja, kinachofuata ni mtu kuficha vidonge. Dawa hiyo inailinda figo ya mwenye kisukari. Metformini pia kwa kiwango hicho inaendelea; daktari huanza kuipunguza uchujaji ukishuka chini ya 45, na huisimamisha chini ya 30. Kinachotakiwa kuondoka nyumbani ni diklofenaki na ibuprofeni za kununua kwa maumivu ya magoti. Zikichanganyika na enalapril kwa mtu mwenye figo ya 55, zinaweza kuishusha figo ndani ya siku chache na kuleta ile potasiamu ya 6.9 ya kweli. Kwa maumivu, parasetamoli.

Madafu: kikombe cha robo lita kina takriban miligramu 600 za potasiamu, na dafu moja kubwa linazidi hapo. Kwa potasiamu ya 4.6 hakuna sababu ya kumkataza dafu la mara mojamoja. Asigeuze kuwa maji yake ya kila siku, kwa ajili ya sukari iliyomo vilevile. Potasiamu ikija kuthibitika kuwa juu ya 5.5 kwa damu iliyotolewa vizuri, hapo ndipo madafu, ndizi, na mchicha unaopikwa bila kumwaga maji yake ya kwanza vitapunguzwa kwa maelekezo. Chumvi zile zinazouzwa kwamba ni nzuri kwa wenye presha mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, msome kibandiko kabla ya kununua.

Tuje kwenye mkojo. Kijiti kile kinachochovywa kwenye mkojo kinaanza kuonyesha + pale protini inapokaribia miligramu 300 kwa lita, na hicho ni kiasi, si jumla ya siku. Mkojo mzito wa mtu aliyekunywa maji kidogo utatoa +, mkojo mwepesi wa jioni wa mtu yuleyule hautatoa. Homa, kutembea jua kali, maambukizi ya njia ya mkojo, uchafu wa ukeni kuingia kwenye kopo, vyote hutoa +. Kama mkojo wa Pangani nao ulilala, bakteria walizaliana humo, wakavunja yurea, mkojo ukawa wa alkali, na mkojo wa alkali kali hugeuza kipande cha protini kuwa kijani hata kama protini haipo. Mkojo usomwe ndani ya saa mbili. Zaidi ya hapo uwekwe kwenye friji, ambayo kwa mkojo, tofauti na damu, inafaa kabisa. Halafu kuna vijiti vyenyewe. Pwani yetu ina unyevu, na chupa ya vijiti iliyoachwa wazi mchana mmoja inaharibu vijiti vyote bila kubadilisha sura yake sana. Kijiti kinachovywa mara moja na kutolewa, kinapanguswa ukingoni mwa kopo, na kila kipande kinasomwa kwa sekunde zake. Kwa kawaida protini ni 60, na chembe nyeupe hufika dakika mbili. Anayesoma vyote kwa pamoja anapochomoa kijiti, au anayekiacha akarudi baadaye, anasoma rangi isiyo na maana. Vidonge vya vitamini C navyo huficha damu na sukari kwenye kijiti.

Kwa hiyo + ya kwanza haithibitishi ugonjwa, na kutoonyesha kitu kwa Bombo hakumsafishi mama, kwa sababu figo ya mwenye kisukari huanza kuvujisha albumini, aina ya protini ya damu, kwa kiasi kidogo ambacho kijiti hakikioni. Kipimo anachohitaji ni uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, wa katikati, vijiko viwili vya chai vinatosha, hauhitaji kopo la saa 24. Chini ya miligramu 3 kwa milimoli ni salama, 3 hadi 30 figo imeanza kulalamika, juu ya 30 tayari ina jeraha. Ukitoka zaidi ya 3, urudiwe: sampuli mbili kati ya tatu ndani ya miezi mitatu hadi sita ndizo zinazohesabika. Iwapo kijiti kitaonyesha damu, kwa mkazi wa pwani kichocho kitafutwe kwa darubini kabla ya mengine, na mkojo wa kazi hiyo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi.

Kupima mwili mzima, mimi sikubaliani nako. Kiwango cha kawaida cha vipimo vingi kimepangwa kibebe asilimia 95 ya watu wenye afya, maana yake wenye afya 5 katika kila 100 watatoka nje yake bila kuumwa. Mtu mzima wa afya akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kuwekewa nyota ni karibu asilimia 64. Mtatoka na karatasi ndefu, nyota mbili tatu, na safari nyingine ya hofu. Pesa hiyo inatosha kreatinini, potasiamu, ule uwiano wa albumini, na HbA1c.

HbA1c inaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, haihitaji mfungo, na damu yake huchukuliwa kwenye kichupa cha zambarau kinachoweza kulala kwenye friji siku kadhaa bila kuharibika. Katika vipimo vya damu nilivyotaja, hiki ndicho kinachoivumilia vizuri zaidi safari ya Pangani. Kina sharti moja linalohusu sana pwani: kinategemea chembe nyekundu kuishi umri wake wa takriban siku 120. Kwa mwenye ugonjwa wa siko seli chembe hufa mapema na HbA1c hutoka ndogo kuliko ukweli. Kwa anayebeba kinasaba kimoja tu, bila ugonjwa, inategemea mashine. Baadhi zinakosea, nyingine hazikosei. Malaria kali ya hivi karibuni au kuongezewa damu huvuruga vilevile. Kama katika ukoo wenu kuna mwenye siko seli, mwambie daktari kabla damu haijatolewa, ili amfuatilie mama kwa sukari za asubuhi kabla ya kula, zilizoandikwa daftarini pamoja na tarehe na saa.